Mistari ya Majani Mchangani

Kila asubuhi, kabla hajatia kitu kinywani, Kozue alifagia mchanga. Uliingia usiku kupitia chini ya mlango, ukajilaza sebuleni bila kukaribishwa. Aliukusanya kwa ufagio mfupi na kuurudisha nje, huku akijua fika kwamba kesho utakuwa umerudi. Kisha alipika wali, akachemsha supu ya miso, ile ya maharage ya soya yaliyochachushwa, akaweka mezani kisahani cha rakkyo, vile vitunguu vidogo vya shambani kwao vilivyolowekwa kwenye siki.

"Babu, chakula tayari!"

Mzee Tokuji Nishio alitoka chumbani, shati amelivaa nje ndani. Kozue alimvua taratibu, akalipindua na kumvisha tena. Zamani wangeangua kicheko wote wawili. Tangu majira ya baridi, hakukuwa tena na kicheko katika nyumba ile.

"Mbona bakuli mbili tu?" babu aliuliza. "Bibi yako hali leo?"

"Amekwisha kula, babu."

Bibi alikuwa amefariki kabla Kozue hajaanza shule. Mara ya kwanza babu alipouliza swali hilo, Kozue alimweleza ukweli, na mzee akalia kama aliyepewa habari za msiba siku ileile. Tangu hapo, kila asubuhi bibi alikuwa amekwisha kula.

Mama yake Kozue naye hakuwepo duniani. Baba yake aliendesha lori la masafa marefu, akirudi kijijini Isozaki mwisho wa juma, pengine mwisho wa juma uliofuata. Aliondoka akiwa na imani kwamba babu anamlea Kozue. Hakujua kwamba mlezi sasa alikuwa Kozue, na umri wake ni miaka kumi na mmoja.

Kozue hakumwambia, na alikuwa na sababu. Sikukuu ya mwaka mpya, shangazi Fusae alikuja kutoka Osaka, akamsikia babu akiuliza jambo moja tena na tena. Alimvuta baba jikoni.

"Kaka, baba yetu anapotea huyu. Akizidi hivi itabidi apelekwe nyumba ya wazee mjini, na mtoto nimchukue mimi."

"Ah, uzee tu huo," baba alijibu, akabadilisha mazungumzo.

Kozue alikuwa nyuma ya mlango wa karatasi, na aliyasikia yote. Alipiga moyo konde: hakuna mtu atakayejua. Kengele ya shule ilipolia, alikuwa wa kwanza kutoka. Wenzake walimwita mara kadhaa waende kununua aiskrimu ya peasi kwenye kibanda cha watalii, naye jibu lake likawa moja tu: "Nina kazi." Hatimaye wakaacha kumwita, wakampa jina.

"Bi Nina-Kazi huyoo anakimbia!" Ryohei alipenda kumtania. Darasa zima lilicheka, na Kozue alikaza mwendo, macho yake chini. Njia ya kwenda nyumbani ilikuwa fupi, lakini kwa mtu asiye na wa kuzungumza naye ilikuwa ndefu sana.

* * *

Mwishoni mwa mwezi wa sita, darasa lao lilikwenda kupalilia matuta ya mchanga.

Mtu wa mbali angeshangaa kusikia kwamba mchanga unapaliliwa. Isozaki hakuna aliyeshangaa. Watalii walikuja kwa mabasi kuuona mchanga unaohama na upepo. Walivua viatu, wakapanda lile tuta kubwa linaloitwa Mgongo wa Farasi huku wakihema, wakapiga picha na ngamia wa Bwana Yanase, wakarudi na mchanga mifukoni hadi masikioni. Majani yakiota, mchanga hulala palepale, na hakuna apandaye basi kuja kutazama mchanga uliolala. Kwa hiyo kila kiangazi wanakijiji na wanafunzi huinama kung'oa majani.

"Mwalimu! Njoo uone!" Ryohei alipaza sauti kutoka chini ya mteremko. "Majani ya huku yamepanga foleni!"

Mwalimu Kadowaki alishuka, na darasa likamfuata. Kweli. Majani yalikuwa yamesimama katika mistari iliyonyooka, kila shina umbali sawa na mwenzake. Isitoshe, kila shina lilikuwa limefungwa kwa bua la mpunga, fundo limetazama pembeni.

Kozue aliinama kulitazama. Fundo lile alilijua. Ndilo lililokuwa kwenye mafungu yote ya vitunguu yaliyoning'inia ghalani kwao.

"Labda ni zimwi la mchanga," alisema Minori, msichana aliyeketi dawati la mbele ya Kozue.

"Zimwi gani lenye akili fupi hivi?" Ryohei alijibu. "Linakuja kupanda mahali tunapong'oa! Huyu ni mwendawazimu, nawaambia."

Wakacheka wote. Mwalimu hakucheka. Aliligusa fundo moja kwa kidole, akainua uso.

"Kuna anayejua ni kazi ya nani?"

Kozue alijiona kama vile wote wanamtazama yeye, ingawa hakuna aliyemtazama. Mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Ni watalii, mwalimu. Niliwaona. Walikuwa wawili, wamevaa kofia nyekundu. Walikuwa wanacheza tu."

Mwalimu Kadowaki alimtazama kidogo, akasema, "Haya, basi tuyang'oe."

Kozue alichutama pamoja na wenzake. Miche ile haikutoka kirahisi. Ilikuwa imefukiwa kwenda chini kabisa, kule mchanga unakokuwa na unyevu, na mtu aliyejua kazi yake. Kila alipong'oa mche mmoja, moyo ulimuuma. Ajabu ni kwamba siku hiyo, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, wenzake walitaka kuzungumza naye.

"Hao watalii walikuwa wazee au vijana?" Minori aliuliza, akimsogelea.

"Vijana."

"Na hukuwafukuza?"

"Niliwaogopa."

Uongo mmoja ulidai mwingine, na Kozue aliulipa wote. Alizungukwa na watu wa kuongea naye, lakini alijiona mpweke kuliko siku zote.

* * *

Jioni ile alimkuta babu ghalani, amekaa juu ya gunia, anasokota mabua ya mpunga. Kikapu kilichokuwa pembeni yake kilijaa majani ya barabarani, mizizi na yote.

"Babu, unakwenda kupanda majani kwenye matuta?"

"Nani mwingine atapanda?" babu alijibu. Macho yake yalikuwa maangavu, kama ya mtu aliyeko kazini. "Upepo wa baharini unausukuma mchanga huku. Mwaka juzi ulifukia shamba la akina Mori lote. Baba yangu ameniambia, tusipoushika mchanga, utatula sisi."

Baba yake babu alikuwa amekufa zamani sana, na hao akina Mori walikwisha kuhama kijijini. Kozue alielewa. Babu alikuwa katika miaka ya ujana wake, wakati vijana wa Isozaki walipopanda majani, kisha misonobari, ili mchanga usimeze nyumba na mashamba. Wakati ule hakukuwa na mtalii hata mmoja. Mchanga ulikuwa adui.

"Siku hizi hatupandi, babu. Tunang'oa."

Babu alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyepayuka kwa homa.

"Nani amekufundisha upuuzi huo?" alisema.

Kozue hakubishana. Babu alipolala, alichukua jembe dogo na viatu vya mvua, akavificha nyuma ya pipa la kuogea. Alidhani amelimaliza tatizo. Baba alipopiga simu na kuuliza habari za nyumbani, alijibu kwa sauti ya uchangamfu kwamba babu anakula vizuri. Kisha akakaa gizani karibu na simu, akalia bila sauti ili babu asiamke.

* * *

Jumapili hiyo, baba akiwa bado safarini, mvua iliamka pamoja na upepo. Kozue alizinduliwa na mlango uliokuwa ukijigonga. Sebule ilikuwa na mchanga na maji, na kitanda cha babu kilikuwa kitupu. Kikapu hakikuwepo. Ndara za ndani pia hazikuwepo. Babu alikuwa ametoka na ndara.

Kozue alikimbilia kwenye matuta. Upepo uliupindua mwavuli wake, naye akautupa. Alitafuta nyayo, lakini upepo ulikuwa ukizifuta nyayo zake mwenyewe mara tu anapoinua mguu. Aliita, na sauti yake haikufika popote. Siku kama hiyo hakuna mtalii anayekuja. Palikuwa na mchanga, mvua na bahari iliyokuwa ikinguruma ng'ambo ya tuta. Alikuwa hajawahi kuwa peke yake namna ile.

Kwenye banda la ngamia alimkuta Bwana Yanase akifunga turubai.

"Mjomba, hujaona... hujaona mtu akipita?"

"Mtu gani, mwanangu? Na mvua hii!"

"Mtu tu."

"Mtu tu ndiye nani? Mwanamume, mwanamke? Umelowa chapachapa, unatetemeka. Hebu niambie jina, nijue namtafuta nani."

Kozue alitazama upande wa bahari. Akitamka jina lile, siri imekwisha. Babu atapelekwa mjini, yeye atapelekwa Osaka. Asipolitamka, babu yuko kwenye upepo ule na ndara miguuni.

"Ni babu yangu!" alisema, na maneno yakamtoka yote kwa pamoja. "Ni babu Nishio. Anasahau, mjomba. Anasahau kila kitu. Ndiye anayepanda yale majani. Nilimfichia viatu, akatoka hivyo hivyo. Nisaidie!"

Bwana Yanase hakuuliza zaidi. Alimfunika Kozue koti lake lililonuka ngamia, akatoa simu.

Punde spika za kijiji zikakoroma, zile zinazotangaza matetemeko na mawimbi. Sauti ya mama wa ofisini ikapita juu ya mapaa yote: "Anatafutwa mzee Tokuji Nishio wa nyumba ya mwisho. Ana tatizo la kusahau. Ametoka amevaa ndara. Wenye nafasi tukutane bandani kwa ngamia."

Kozue alisimama akiisikiliza siri yake ikitangazwa mara ya pili, na ya tatu. Alingoja aibu imuue. Badala yake, milango ikaanza kufunguka.

Walikuja na makoti ya mvua, filimbi na tochi. Watu wazima wengi walikimbilia ufukweni, maana bahari ndiyo waliyoiogopa. Mwalimu Kadowaki alifika na viatu visivyofanana. Nyuma yake walikuja Minori na Ryohei, wakihema.

"Kwa hiyo wale watalii wa kofia nyekundu..." Ryohei alianza.

"Hawakuwepo," Kozue alisema. "Nilidanganya. Alikuwa babu."

Ryohei alijifuta maji puani. Ni yeye aliyesema neno mwendawazimu, na sasa hakujua auweke wapi uso wake.

"Ndiyo maana," alisema polepole. "Mistari ile ilikuwa imenyooka mno. Watalii hata picha hupiga mshazari." Kisha akatazama upande wa matuta. "Ngoja. Tuliing'oa wenyewe, si ndiyo? Kila mstari ulianzia pale ulipoishia uliotangulia. Ule wa mwisho ulikuwa unaelekea wapi?"

"Bondeni," alisema Minori. "Nyuma ya Mgongo wa Farasi."

"Siyo baharini!" Kozue alipiga kelele. "Mwalimu, hayuko baharini! Anaendelea pale alipoishia!"

* * *

Walimkuta bondeni, amepiga magoti. Alikuwa amelowa hadi mifupani. Kwa kuwa jembe lilifichwa, alichimba kwa mikono, na kidole kimoja kilikuwa kikitoka damu. Nyuma yake mstari wa majani ulikuwa umenyooka kama kawaida.

"Babu, twende nyumbani," Kozue alisema, akimshika bega.

Mzee alimtazama msichana aliyevaa koti la mtu mwingine, nywele zimemganda usoni. Hakumtambua.

"Siwezi, binti. Mstari haujafika mwisho. Nikiuacha wazi, mchanga utapita hapa usiku, uingie mpaka sebuleni. Kuna mtoto amelala mle ndani."

"Mtoto gani, mzee?" Mwalimu aliuliza kwa upole.

"Mjukuu wangu, Kozue. Kila siku anafagia peke yake, masikini. Mikono yake midogo."

Kozue alipiga magoti pembeni yake. Aliinamisha kichwa begani kwa babu akalia kwa sauti, kilio kilichokuwa kikingoja tangu majira ya baridi.

Hakuna aliyejua la kufanya, isipokuwa Ryohei. Alipiga magoti kwenye mchanga uliolowa, akachukua mche kutoka kikapuni.

"Tuonyeshe, babu," alisema. "Unachimba kina gani?"

"Mpaka uguse ubaridi," babu alijibu mara moja. "Siyo hivyo, kijana! Unapanda au unatupa? Shika hapa."

Minori naye akapiga magoti, kisha mwalimu. Kozue alifunga mabua kwa lile fundo la pembeni, kwa kuwa yeye pekee alilijua. Walipanda, mvua ikiwapiga migongoni, mpaka miche ya kikapuni ikaisha. Ndipo babu alipoutazama mstari kutoka mwanzo hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akakubali kushikwa mkono.

* * *

Babu alilala zahanati kwa siku kadhaa, ana homa. Baba alilitelekeza lori kituoni, akarudi kwa treni.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Shangazi alisema babu atapelekwa."

Baba aliufunika uso kwa viganja. "Shangazi yako alisema mbele yangu," alisema baadaye. "Nilisikia, nikajifanya hamnazo. Kosa la kwanza ni langu."

Daktari hakuwaficha kitu. Ugonjwa wa babu hauponi, na huenda ikafika siku atakapohitaji uangalizi usiowezekana nyumbani. Lakini siku hiyo haikuwa imefika. Gari la kituo cha wazee lingemchukua kila asubuhi na kumrudisha jioni. Baba aliomba kazini apewe njia fupi, awe analala nyumbani. Shangazi Fusae alikuja mbio, akapika chakula cha kulisha kijiji, akamwambia Kozue kwamba hatapelekwa popote bila mwenyewe kukaa mezani na kuulizwa.

Wenye mashamba ya vitunguu nao walikaa wakashauriana. Pembezoni mwa mashamba yao, mchanga bado ni adui hadi leo. Walimwomba mzee Nishio awapandie ukingo. Hapo alipanda jioni alizokuwa na nguvu, na hakuna aliyeng'oa.

Siku moja Mwalimu Kadowaki alimkuta Kozue amekaa barazani, wakakaa pamoja.

"Mwalimu, hujaniadhibu kwa ule uongo."

"Umekwisha kuadhibiwa, na mimi siongezi. Lakini nisikilize vizuri. Ulidanganya kwa sababu unampenda babu yako, hilo nalijua. Hata hivyo, uongo wako nusura umuue. Ugonjwa si aibu, Kozue. Mtu haufichi kama kitu kilichoibwa. Ukiuficha, unamnyima mgonjwa watu wa kumsaidia, nawe unabaki peke yako na mzigo ambao hata mtu mzima haubebi. Siku yoyote ukielemewa, mwambie mtu mzima unayemwamini. Asipokusikia, mwambie mwingine. Usinyamaze."

"Ndiyo, mwalimu."

"Nami niliuona uso wako siku ile pale kwenye mistari, sikukufuata kukuuliza," mwalimu aliongeza. "Hilo nami ni somo langu."

Mwezi wa tisa, jioni moja ya Jumapili, Minori na Ryohei walimpitia Kozue, wakapanda Mgongo wa Farasi bila viatu. Kozue aliishi chini ya tuta lile tangu kuzaliwa, na alikuwa hajawahi kulipanda ili kutazama tu. Juu kulikuwa na watalii wengi, upepo na bahari yote. Alipogeuka upande wa kijiji, aliona mtu mdogo sana pembezoni mwa shamba, anainama na kuinuka, na mwingine pembeni yake ameshika kikapu. Huyo wa pili alikuwa baba.

Mama mmoja mtalii naye aliwaona. "Yule mzee kule chini anafanya nini?" aliuliza.

Ryohei na Minori walimgeukia Kozue, wakamwachia ajibu mwenyewe.

"Anazuia mchanga usiingie nyumbani kwetu," Kozue alisema, kwa sauti ambayo kila aliyekuwa pale aliisikia. "Ni babu yangu. Ni mgonjwa, anasahau mambo mengi. Siku nyingine hata mimi hanijui. Lakini hiyo kazi anaifanya kwa ajili yangu."